Sevisi ya gari nyumbani au kwa dila? Niko Uyole, naomba ushauri

Dada wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST ile ya zamani ya injini ya lita 1.3, nilinunua kwa mtu hapahapa Mbeya, natoka nayo Uyole kwenda mjini kila siku na mwisho wa mwezi nashuka nayo Tukuyu kwa wazazi. Mpaka sasa napeleka gereji moja inayojiita ya dila, yaani wakala wa kampuni ya magari, wana mapokezi na makochi, funguo wanachukua wao, baadae unaitwa ukalipe. Bili kubwa sawa, ila kinachoniuma ni kwamba sioni kilichofanyika, risiti imeandikwa full sevisi basi. Mdogo wangu amepita VETA anasema tununue jeki na spana tumwage oili wenyewe nyumbani, uwanja upo ila ni wa udongo. Baba hataki hata kusikia, anasema gari lina watu wake. Sasa nauliza, kipi naweza kufanya nyumbani bila kuliharibu na kipi nipeleke? Naomba wajibu wanaofanya kweli.

Fundi Iyunga
Dada mdogo wako yuko sahihi, anzeni na oili. Injini yako ni 2NZ, inakula lita 3.7 ukibadili na filta, na hata 1NZ ya 1.5 ni hivyohivyo. Madumu yanauzwa ya lita 4 kwa hiyo usimimine lote eti kwa sababu umelilipia, oili ikizidi inachapwa na krenki inatoa povu na povu halilainishi chuma. Washa gari dakika chache ipate uvuguvugu, zima, nati ya sampo ni namba 14, fungua uache ichuruzike mpaka iwe tone moja moja, wakati wa kurudisha nati weka washa mpya, ile pete yake ya kuzuia kuvuja. Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake halafu kaza kwa mkono, ile spana ya filta ni ya kufungulia tu. Mimina lita tatu na nusu kwanza, washa kidogo, angalia chini kama kunavuja, zima, subiri oili ishuke ndio upime kwa dipstiki gari likiwa sehemu tambarare, ongeza kidogo kidogo.

Na hili naomba mlishike watu wa Mbeya. Kuna mafundi gari lolote likija wanamimina oili namba 40, ile nzito. Asubuhi ya Juni au Julai na baridi letu hili ile oili ni nzito, inachelewa kufika juu kwenye kemshafti na injini inajisaga kipindi hicho chote. Weka 5W-30, hiyo ni nyepesi kwenye baridi. Ukifanya nyumbani unajua umeweka nini, na kwangu hiyo ndio faida kubwa kuliko hela unayookoa. Ukiamua kuendelea na gereji basi nunua oili mwenyewe, simama hapohapo dumu lifunguliwe ukiona, udai na filta ya zamani uione kwa macho. Gereji inayokataa usiangalie kazi kwenye gari lako ihame.

Ea klina, plagi nne na kulanti pia mnaweza. Rejeta msifungue ikiwa ya moto, na msijaze maji ya bomba, yanaleta kutu ndani. Halafu akitokea mtu akakwambia taiming belti imefika muda wake jua anakudanganya, hiyo injini inatumia cheni.

Mkulima Mafinga
Kamwene dada. Fundi kamaliza ya oili, mimi nina hofu na huo uwanja wa udongo. Jeki ikisimama kwenye udongo, hasa kipindi cha mvua, inazama upande mmoja na gari linateleza. Weka ubao mpana na mgumu chini, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au magogo, vuta handibreki, halafu nunueni stendi mbili za chuma kabla hamjanunua hata spana. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na msitumie tofali za bloku, zile zinapasuka ghafla bila dalili yoyote. Huyo kijana ni mdogo wako, usimruhusu hata kama amesema ni dakika mbili tu.

Njia Panda Tunduma
Mimi natetea madila kidogo. Kama gari ni jipya na lina waranti peleka kwao tu, maana siku ukidai wataomba rekodi za sevisi. Lakini IST ya mkononi kutoka Japani haina waranti ya mtu hapa, hapo dila ni gereji kama gereji nyingine, unachotafuta ni mtu mwenye mashine ya kupima na anayejua kuitumia. Vya kupeleka ni eabegi, gesi ya AC, stelingi, breki za ABS zikiwasha taa na gia boksi. Gia boksi msiguse kabisa nyumbani. IST ya kwanza ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, inatumia ATF, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, ila IST mpya ya kuanzia 2007 zipo zenye CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na mafuta yake ni mengine kabisa. Kwenye gereji bubu wanaita yote hydroliki, wanamimina ile nyekundu humohumo, na CVT ikishaonja hiyo unatafuta gia boksi nyingine.

Dada wa Uyole
Asanteni sana jamani, ndaga fijo. Stendi nanunua wiki hii kabla ya kitu kingine. Na breki je? Nikishuka kutoka Isongole kwenda Tukuyu zikishika muda mrefu naanza kusikia harufu.

Fundi Iyunga
Hiyo harufu usiivumilie hata wiki moja, hapo nenda gereji. Wapime unene wa brekipedi, waangalie kama pistoni ya kalipa, ile inayobana pedi, imeganda, na wabadilishe mafuta ya breki yote. Yale mafuta yananyonya unyevu hata kama hujatembea. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishaingia unyevu inashuka mpaka karibu 140, na breki zilizokamatwa mteremko mzima zinafika huko. Yakichemka inabaki mvuke kwenye paipu, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini na gari halisimami. Ndio hayohayo yanawapata watu kwenye mteremko wa Kitonga. Kwenye mteremko rudisha gia kwenye 2 mapema kabla spidi haijapanda, injini ikushikie gari, breki kanyaga kwa vipindi halafu achia zipoe. Safari ya Tukuyu ya mwezi huu panda basi mpaka hizo breki ziangaliwe.

Mkulima Mafinga
Na oili chafu msimwage mtaroni wala shambani dada, maji ya huko Uyole watu wanamwagilia viazi. Irudisheni kwenye dumu lake mpeleke gereji yoyote, huwa hawakosi wa kuichukua. Yale madumu mengine mkishamaliza yatoboeni kabla ya kutupa, kuna watu wanayaokota wanajaza oili feki wanauza tena.