Seva ya MCP inawaka kwenye terminali, ndani ya programu ya AI inakatika

chatu_mdogo: Habari wakuu. Nina seva ya MCP (itifaki ya kuunganisha modeli za AI na zana na data) ya Python, inasoma stoo ya bidhaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na kuongea na programu ya AI kupitia stdio (njia za kawaida za kuingiza na kutoa maandishi). Nikiiwasha kwenye terminali haina kosa. Nikiiunganisha na programu ya AI inakatika, logi inasema JSON haisomeki. Mwanzoni mwa kodi kuna print("Seva imewaka", flush=True). Shida iko wapi?

zege_halilali: Ni hiyo print. Kwenye stdio, stdout (njia ya kutoa) ndiyo njia ya ujumbe wenyewe: kila mstari uwe ujumbe kamili wa JSON-RPC 2.0 (muundo wa ujumbe unaotumiwa na MCP), basi. Programu inapokea "Seva imewaka", inaichambua kama JSON, inashindwa. Terminali haichambui chochote, ndiyo maana kule hakuna kosa. Na bora umeweka flush. Bila hiyo Python hushikilia maandishi kwenye bafa (hifadhi ya muda), kosa likaja kuibuka baadaye ukahangaika zaidi. Andika kwa file=sys.stderr (njia ya pembeni ya makosa na logi), au tumia logging, ambayo kwa kawaida huenda stderr. Kagua na maktaba unazoita, zipo zinazochapa salamu bila kuombwa. Kisha jaribu kwa Inspector, chombo cha kupima seva za MCP:

npx @modelcontextprotocol/inspector .venv/bin/python seva.py

Utaona zana zako na kuziita mojamoja.

bandarini: Baada ya hapo angalia njia za faili. Usitegemee programu iwashe seva kutoka kwenye folda yako au isome .bashrc (faili la mipangilio ya terminali). Kwenye mipangilio ya programu, kwenye "command" weka njia kamili ya Python iliyo ndani ya venv (mazingira ya Python ya mradi wako), kwenye "args" njia kamili ya seva.py, na nenosiri la hifadhidata liwe kwenye "env". Funga programu kabisa, siyo dirisha tu, ndipo uifungue.

chatu_mdogo: Imekubali, asanteni. Sasa nina zana moja, hoja_sql, inayopokea hoja yoyote ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), na modeli inabuni majina ya safu wima ambayo hayapo.

zege_halilali: Lazima ibuni. Inachoona ni jina la zana, maelezo na inputSchema (muundo wa vigezo vinavyopokelewa). Majedwali yako itayajulia wapi? Achana na SQL ya wazi. Tengeneza tafuta_bidhaa(jina, kikomo), ueleze inarudisha nini. Hoja ikifeli, rudisha isError: true na sentensi inayotaja kilichokosewa, modeli itajirekebisha.

bandarini: Na mtumiaji wa hifadhidata apewe GRANT SELECT (ruhusa ya kusoma) kwa majedwali hayo tu. Maelezo ya bidhaa yaliyojazwa na mtu mwingine yanaweza kubeba maagizo kwa modeli. Kuandika "usifute kitu" kwenye promti hakuzuii DELETE; ruhusa ndizo zinazozuia.