Ushauri: Kampuni ya Nairobi kufungua tawi Dar es Salaam, tuanzie wapi?

Pampu_Nairobi (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Kampuni yetu imesajiliwa Kenya na wanahisa wote ni Wakenya. Tunauza pampu za maji za sola, tunazifunga na kuzihudumia. Wateja wa Tanzania Bara wameongezeka, kwa hiyo tunataka ofisi Dar es Salaam. Bodi imeamua liwe tawi la kampuni hii hii, si kampuni mpya. Naomba kujua nyaraka ambazo BRELA (wakala wa usajili wa kampuni Tanzania Bara) wanataka, gharama, na kodi ikoje. Halafu, tukishapata cheti cha BRELA, tunaruhusiwa kuanza kuuza?

Leseni_Kwanza
Nakujibu la mwisho kwanza, maana hilo ndilo linaloamua mengine yote. Hapana. Cheti cha BRELA kinaonyesha tu kwamba kampuni ya nje imetimiza masharti ya kuwa na ofisi nchini. Ruhusa ya kufanya biashara ni leseni, na kwenye leseni ndipo penye shida yako.

Julai 2025 ilitoka amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15. Mojawapo ni biashara ya jumla na rejareja. Faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Serikali ya Kenya iliipinga amri hiyo kwa kutaja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lakini afisa wa leseni anafuata amri iliyo mezani kwake.

Kwa hiyo tenganisha shughuli zenu kwenye karatasi: kuagiza, kuuza, kufunga, kuhudumia. Andika barua kwa ofisi ya leseni uulize kila moja, upate jibu la maandishi kabla hujalipa hata senti ya usajili. Ufungaji nao unaweza kukupeleka Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), waulize mapema. Na ukiambiwa "weka leseni kwa jina la Mtanzania fulani", kataa. Amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni kukwepa.

Karani_wa_Nyaraka
Leseni_Kwanza kamaliza upande wake, mimi nakuja na makaratasi. Sheria ni ya Kampuni, Sura ya 212. Inakupa siku 30 za kuwasilisha nyaraka kwa Msajili tangu ufungue mahali pa biashara, na hapo wengi hukosea kwa kukodi ofisi kwanza na kutafuta nyaraka baadaye. Kamilisha nyaraka za Nairobi zote, ndipo usaini pango.

Kutoka Kenya andaa cheti cha usajili, katiba ya kampuni (memorandamu pamoja na kanuni zake), CR12 ya karibuni (hati ya msajili wa Kenya inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa), hesabu za mwisho zilizokaguliwa, na azimio la bodi la kufungua tawi na kumteua mwakilishi. Nakala zithibitishwe na notari. Mihuri ipigwe na ionekane kwenye skani, maana muhuri mkavu usio na wino haushikwi na mashine, na maombi yanarudi na hoja kwamba nakala haijathibitishwa. Nyaraka zenu ni za Kiingereza, kwa hiyo tafsiri haihitajiki.

Maombi yanapita kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni. Utajaza wakurugenzi na katibu, rehani au dhamana zozote zilizo juu ya mali ya kampuni, wamiliki manufaa (watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni), anwani ya ofisi na mwakilishi. Ukimaliza, mfumo unatengeneza fomu. Ichapishe, isainiwe, iskaniwe, ipandishwe tena pamoja na viambatisho.

Kinachorudisha maombi mara nyingi ni majina. Mkurugenzi ana majina mawili kwenye CR12 na matatu kwenye pasipoti: rekebisha CR12 huko Nairobi kwanza, usilazimishe huku. Kingine ni anwani. Sanduku la posta peke yake halitoshi. Taja wilaya, kata, mtaa, kitalu na namba ya nyumba.

Ada ya kampuni ya nje inatozwa kwa dola: 750 kwa usajili, na 220 kwa kila waraka unaosajiliwa. Jumla utaiona mfumo ukikupa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kumbuka hiyo 220 utaikuta tena kila mwaka ukiwasilisha hesabu, na kila mkibadilisha mkurugenzi, katiba au mwakilishi. Ndiyo maana nashauri mabadiliko yote ya bodi yafanyike kabla ya kuomba tawi.

Pampu_Nairobi
Asanteni sana, wakuu. Mwakilishi lazima awe Mtanzania? Na mkataba wa pango uandikwe kwa jina la nani, ikiwa tawi bado halijasajiliwa?

Karani_wa_Nyaraka
Sheria inataka mtu anayeishi nchini, aliyeidhinishwa kupokea hati na notisi kwa niaba ya kampuni. Mtanzania mwenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ndiye anayerahisisha kazi kwenye ORS.

Zingatia kwamba kupokea notisi na kuendesha tawi ni vitu viwili. Wakili wenu anaweza kupokea notisi bila kugusa akaunti ya benki. Mamlaka ya meneja yaandikwe kwenye hati ya uwakilishi: anasaini mikataba ya kiasi gani, anaajiri au haajiri, benki anasaini peke yake au na mtu wa Nairobi. Tawi halina utu wake kisheria. Deni analoliingia meneja ni deni la kampuni yenu nzima, pamoja na mali zilizoko Kenya.

Na kwa sababu hiyo hiyo, pango liandikwe kwa jina la kampuni ya Kenya, likisainiwa na mwenye hati ya uwakilishi. Kampuni ipo tayari, tawi si mtu mwingine. Mkataba ukiwa kwa jina binafsi la meneja, utakwama TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania).

Hesabu_Safi
Kodi sasa. TIN (namba ya mlipakodi) iombwe ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa 1%, na ninyi wapangaji mnazuia 10% ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Usimlipe mwenye nyumba yote halafu ukaanza kumdai hiyo 10%, hairudi.

Faida ya tawi inatozwa 30%. Juu yake kuna 10% ya mapato yanayohesabiwa kuwa yamepelekwa makao makuu. Angalia neno "yanayohesabiwa": kiasi kinatokana na fomula ya sheria inayoangalia mali na faida ya tawi, si miamala ya benki. Mnaweza kutotuma hata shilingi na bado mkadaiwa. Mhasibu aweke daftari la kila fedha na kila pampu inayotoka Nairobi kuja tawini, kwa tarehe na thamani.

Lililo zito zaidi lipo Kenya. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inasema mkaazi anayeendesha biashara moja, sehemu Kenya na sehemu nje, faida yote inahesabiwa imepatikana Kenya. Tawi ni biashara hiyo hiyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa 2010 na haujaanza kutumika. Kabla bodi haijafunga mlango wa kampuni tanzu (kampuni mpya ya Tanzania inayomilikiwa na hiyo ya Kenya), mhasibu wa Nairobi awapigie hesabu zote mbili, tawi na tanzu, kwa faida mnayotarajia miaka mitatu ya mwanzo.

Pampu_Nairobi
Hilo la Kenya halikuwahi kutajwa kwenye kikao. Naomba moja la mwisho: cheti kikitoka, kinatumika Zanzibar pia?

Leseni_Kwanza
Hakitumiki. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA. Mkitaka ofisi Unguja mnaomba upya huko. Na huku Bara, jina la kampuni pamoja na nchi iliposajiliwa viandikwe mlangoni, kwenye ankara na kwenye barua zote.