Amplifaya ya tyubu kwa solo: 6L6, EL34 au EL84? (tuko Mwanza)

Solo wa Kirumba

Wakuu, heshima kwenu.

Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Mwanza. Miaka yote nimekuwa nachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi, na solo linatoka jembamba, halina nyama. Sasa tumechanga, na kuna amplifaya tatu za mtumba tumezipata, zote za tyubu (wazee wetu wanaziita valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti):

1. Fender Twin Reverb, wati 85, tyubu nne za 6L6
2. Marshall ya wati 50, EL34 mbili
3. Vox AC30, EL84 nne

Kazi zetu ni baa na kumbi za harusi kuanzia Kirumba hadi Igoma, na mara mojamoja tunavuka kwenda Ukerewe. Nataka gitaa ling'ae kwenye sebene, kila noti isikike peke yake, lakini nikilicharaza kwa nguvu liwe na joto. Kila ninaposoma naambiwa 6L6 ni safi, EL34 ina midi (sauti zilizo kati ya besi na trebo), EL84 inalia kama kengele. Ni tyubu kweli zinazofanya hayo? Mliowahi kuzitumia naomba msaada.

Ridhimu Pasiansi

Twin. Nimeipiga kanisani na sijawahi kuisikia ikipasuka. Ubaya wake ni uzito tu, kilo 29 hivi.

Fundi Mabatini

Kaka Solo, umeuliza vizuri. Mimi jina la tyubu ndilo ninaloliangalia mwisho. Tyubu ya nguvu, kama hizo ulizotaja, inapokea sauti ambayo imeshakatwa na kushonwa na sakiti nzima iliyo mbele yake, halafu inaikabidhi kwa transfoma na spika, na hizo nazo zina mambo yao.

Angalia hili. 6L6 za kwenye Twin ndizo zinazokaa kwenye Mesa/Boogie Dual Rectifier, amplifaya inayonguruma roki nzito kuliko zote unazozijua. Tyubu jamii moja, nne huku na nne kule. Kama usafi ungekuwa wa 6L6, ile ngurumo ingetoka wapi? Inatoka kwenye priampu, sehemu ya mbele inayokuza sauti kabla haijafika kwenye tyubu za nguvu. Mesa inapitisha sauti kwenye hatua nyingi za kukuza, moja inaijaza inayofuata mpaka ipasuke kwa makusudi. Twin ina hatua chache, zimepangwa zisielemewe, halafu sakiti yake ya besi na trebo inachota midi nyingi kabla sauti haijafika mbali. Huo mng'ao mnaousifia umeanzia hapo.

Mfano wa pili ni wa Marshall wenyewe. Mwaka 1962, London, Jim Marshall na mafundi wake walichukua sakiti ya amplifaya ya Fender Bassman 5F6-A, wakaifuata karibu waya kwa waya, wakaijenga kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ndiyo ikawa JTM45. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 kwenye kasha lililo wazi nyuma. Marshall wakaweka nne za inchi 12 kwenye kasha lililozibwa. Tyubu ya kwanza ya priampu wakaweka ECC83, ambayo inakuza zaidi ya ile 12AY7 ya Bassman. Matokeo yake sauti ikawa nzito na ya ukali mwingine kabisa. Na JTM45 za mwanzo hazikuwa na EL34, hizo zilikuja baadaye. Kwa hiyo sauti ya Marshall ilianza kuzaliwa bila tyubu ambayo leo watu wanaipa sifa zote.

Halafu kuna fidibeki hasi. Sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kukuzwa inarudishwa nyuma, kinyume, ili isahihishe makosa. Twin inayo, Marshall inayo, AC30 haina. Yenye fidibeki inashika besi vizuri na inabaki safi kwa muda mrefu, ila ikifika mwisho wake inapasuka ghafla. Isiyo nayo inaanza kulainika mapema, polepole, chini ya vidole. Ile "kengele" ya Vox kwa sehemu kubwa ni hiyo, ukiongeza na namna EL84 zake zinavyopewa bayasi (volti inayopanga tyubu ipitishe umeme kiasi gani ikiwa imetulia) kupitia katodi (ncha inayotoa elektroni).

Solo la Pili Nyakato

Fundi nakuheshimu, ila usizitoe tyubu hivihivi. Niliwahi kutumia amplifaya iliyotengenezwa kupokea 6L6 na EL34 zote, unabadilisha na kurekebisha bayasi. Sakiti ile ile, spika zile zile, gitaa langu lile lile. Kwa sauti ya chini sikusikia kitu. Nilipoifungua mpaka tyubu zikaelemewa, EL34 zilisogea mbele, midi ikajaa, ikawa na ukali wa kukwaruza. 6L6 zilibaki na besi pana na trebo ya juu. Hata mpiga besi wetu alikaa kusikiliza akasema ni vitu viwili tofauti.

Fundi Mabatini

Sikukatalii, umeeleza vizuri kuliko mimi. Tyubu ya nguvu inaonyesha tabia yake pale inapoelemewa. EL34 ni pentodi (tyubu ya ncha tano), inahitaji msukumo mdogo kufika mwisho wake. 6L6 ya RCA tangu mwaka 1936 ni tetrodi (ya ncha nne) inayobana elektroni kuwa mkondo mmoja, na 6L6GC ya leo inavumilia wati 30 za joto kwenye anodi (ncha inayopokea elektroni), EL34 wati 25, EL84 wati 12 tu. Lakini mpiga sebene anafika huko mara ngapi kwa usiku mmoja? Kaka Solo ametaka noti zisikike mojamoja.

Na kwa wote wanaosoma hapa: msichomoe 6L6 mkachomeka EL34 kwa sababu tundu zinalingana. EL34 moja inakula ampea 1.5 za kupashia joto, 6L6GC inakula 0.9. Pini namba 1 kwenye EL34 ina kazi yake, kwenye 6L6 haina. Bayasi nayo ni nyingine. Transfoma isiyopangiwa mzigo huo itachemka.

Kwaya Nyegezi

Na transista je? Roland JC-120 iko sokoni tangu 1975, ina amplifaya mbili za wati 60, spika mbili za inchi 12, safi mno, na hakuna tyubu za kununua. Kwa kwaya yetu imetosha. Tofauti ninayoisikia ni kwamba haikubali kulainika, ukiizidisha inatoa mpasuko usiopendeza. Ila kwa usafi, sijui kwa nini haimo kwenye orodha yako.

Mwana wa Ukerewe

Mimi nawashangaa hamjataja umeme. Tunapiga huku kwa jenereta, na mjini jioni umeme unashuka. Amplifaya ya transista haijali sana. Ya tyubu je?

Fundi Mabatini

Hapo umegusa jambo ambalo lingekuwa la kwanza kwenye huu uzi.

Amplifaya nyingi za tyubu hazina kitu cha kudhibiti volti. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 kwenda 190, kila kitu ndani kinashuka kwa uwiano huohuo. Hita, waya unaopasha tyubu joto, inayotakiwa kupata volti 6.3 inapata kama 5.2. Anodi iliyokuwa kwenye volti 450 inabaki na 370 hivi. Nguvu inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo Twin ya wati 85 inakuwa kama ya wati 58, na inapasuka mapema. Hita ikikaa baridi namna hiyo kwa muda mrefu, katodi inachoka haraka.

Rektifaya, inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, nayo ni sehemu ya hadithi hii. Twin inatumia dayodi, si tyubu, kwa hiyo hata ukicharaza kwa nguvu inajibu hapohapo. AC30 ya muundo wa zamani ina tyubu ya GZ34. Ukipiga kodi nzito, volti zinazama kidogo kisha zinapanda, na noti inakuwa kama inavuta pumzi. Wapiga bluzi wanaupenda sana mzamo huo. Kwenye sebene ya kasi, kwa sikio langu, unachelewesha kidole.

Kaka Solo, kabla hujalipa angalia nyuma ya amplifaya imeandikwa volti ngapi. Zilizotoka Marekani ni 120, zitahitaji transfoma ya kushusha. Na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya 60 Hz tu, kwetu kwenye 50 Hz transfoma yake inapata moto zaidi.

Ridhimu Pasiansi

Na hizo wati zisiwatishe. Kutoka 30 hadi 85 ni kama desibeli 4.5 tu. Inasikika, lakini si mara tatu. Spika yenye usikivu mzuri inaweza kukupa desibeli 3 bila kuongeza wati hata moja.

Solo wa Kirumba

Nimerudi wakuu. Jumamosi wauzaji walikubali tuzijaribu mbili ukumbini, na drama na besi wakiwepo. Marshall ilishauzwa.

AC30 peke yake ilinigusa moyo, nasema kweli. Nilipiga noti moja nikainyamazia kuisikiliza. Lakini drama ilipoingia ilibidi nipandishe, na kufikia katikati ya volyumu sebene likaanza kushikana, noti za juu zikawa zinapandana. Twin niliiacha kwenye 4, kila noti ilisimama peke yake mpaka mlangoni. Joto nililokuwa nalitafuta nililipata kwa kupunguza trebo na kupandisha midi karibu mpaka mwisho, kama Fundi alivyoonyesha kwamba midi inachotwa na sakiti.

Kisha tukapima tundu la ukutani saa 3 usiku: volti 194. Twin hii ni ya 230, nimeangalia nyuma. Naichukua. Fundi, stabilaiza ya kutuliza volti iwe ya ukubwa gani? Na kuna la kujihadhari?

Fundi Mabatini

Hongera kaka. Stabilaiza ya VA 1000 inatosha na kubaki. Mkitumia jenereta, washa jenereta kwanza, ikishatulia ndipo uwashe amplifaya.

Usiiwashe kamwe spika zikiwa zimechomolewa. Tyubu zikisukuma bila mzigo, volti zinaruka kwenye transfoma ya kutolea sauti na inaungua, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuipata hapa. Na usifungue kifuniko hata ukiwa umeizima na kuchomoa waya, kapasita za ndani zinabaki na volti zaidi ya 400 zinazoua. Niletee Mabatini kabla ya onyesho la kwanza, nikupimie bayasi ya zile nne na kuangalia kapasita zina umri gani.