Kuku wanataga mayai ya ngozi tupu: konokono, chokaa au DCP?

Mfugaji_Chanika: Wakuu habari za jioni. Nina kuku chotara nyuma ya nyumba, walianza kutaga vizuri tu ila sasa kila asubuhi nakuta yai halina ganda, ngozi tupu, ukilishika linabonyea, na mengine ganda lipo lakini kidole kikigusa tu limepasuka. Nawapa chakula cha kuku wa mayai cha dukani nachanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi maana mfuko umepanda bei sana. Duka la pembejeo wananiambia nichague konokono (yale maganda yake yaliyovunjwavunjwa), chokaa ya mifugo au DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi). Kipi kinafanya kazi kweli?

mama_vifaranga: Kaka chukua konokono. Ganda la yai linajengwa kama saa 20 hivi na kazi kubwa inafanyika usiku kuku akiwa amelala, sasa chokaa ya unga inapita haraka tumboni lakini vipande vya konokono vinakaa kwenye firigisi vinasagika taratibu mpaka alfajiri. Weka kwenye kopo la peke yake kuanzia mchana kwenda jioni, usichanganye na chakula, anayetaga atadonoa mwenyewe kadiri anavyohitaji. Ukienda dukani kataa iliyosagwa ikawa vumbi, chukua yenye vipande unavyoviona kwa macho.

Banda_la_Moro: Dada amesema kweli ila mkuu tatizo lako ni hizo pumba. Kuku wa mayai anahitaji kama gramu 4 za kalsiamu, madini yanayojenga ganda, kwa siku, na anakula gramu 110 hadi 120 hivi. Chakula cha dukani kinakuwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 hivi, kwa hiyo akila hicho peke yake anafikisha, pumba kalsiamu yake ni kidogo mno ukiweka nusu kwa nusu anapata karibu nusu ya anachohitaji, kinachobaki anakitoa kwenye mifupa yake na mwisho miguu inaisha nguvu. Protini nayo umeipunguza humo humo, ndo maana na idadi ya mayai itashuka. Bora umpe chakula kamili halafu majani ya mchicha jioni.

shambadogo: Mimi natumia chokaa ya mifugo miaka yote kwa sababu ya bei na sioni shida, ila naweka iliyosagwa kwa chenga. Jamani tofautisheni na chokaa ya kupakia ukuta, ile inaunguza, si chakula. DCP kwa tatizo hili siishauri, ndani yake kuna fosforasi nyingi na ikizidi inaharibu ganda hilo hilo unalotaka kulitengeneza. DCP iache kwa anayejichanganyia chakula mwenyewe na ana vipimo.

kuku_kwanza: Kabla hajanunua chochote, chanjo ya mdondo mara ya mwisho lini? Mdondo unaweza kuanza hivi hivi, mayai yanashuka ghafla na maganda yanakuwa laini. Wanakohoa? Kinyesi cha kijani? Shingo kupinda?

Mfugaji_Chanika: Hapana mkuu, wako wachangamfu na chanjo ya matone ya jichoni wanapata kila miezi 3. Ila mchana bati linawaka, wanahema midomo wazi.

kuku_kwanza: Basi na joto limo. Kuku akihema sana ganda linakuwa jembamba hata kama kalsiamu ipo, na anakula kidogo. Weka makuti juu ya bati, maji ya baridi badilisha mchana, chakula kingi wape asubuhi mapema na jioni jua likipoa.

mama_vifaranga: Nyongeza kaka, hayo mayai ya ngozi yaokote mapema sana. Yakipasukia kwenye kiota wanaonja, na kuku akishazoea kula mayai kumwachisha ni kazi kweli kweli, ataanza kudonoa hadi yale mazima.

Mfugaji_Chanika: Asanteni sana. Kesho nafuata konokono na mfuko kamili, pumba nasimamisha. Makuti yapo kwa jirani.

Banda_la_Moro: Sawa mkuu, lete mrejesho baada ya wiki mbili. Ukiona kuku mmoja bado anatoa ngozi na wenzake wametengemaa mtenge umwangalie, huyo atakuwa na lake.