Naomba ushauri: banda langu la chipsi na kiwanja cha wazi cha mtaa

Wakuu habari za jioni, mimi niko Moshi, nina banda la chipsi na ndizi choma pembeni ya kiwanja cha wazi cha mtaa wetu mwaka wa tano sasa. Ushuru nalipa, na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu 20 nilichukua tangu 2019, bado kiko kwenye pochi hadi maandishi yamefutika.

Sasa juzi kwenye mkutano wa mtaa likaibuka la kutuondoa, eti kiwanja kirudi kuwa cha watoto kucheza. Kusema ukweli watoto wana haki, mpira wao ushatua kwenye karai langu la mafuta mara mbili, nina kovu mkononi. Ila kuna mzee akanong'ona kwamba tukishatoka panajengwa fremu (vyumba vya biashara) za kupangisha, na nikiangalia zile beacon mpya (mawe ya mipaka ya viwanja) pale kwenye mti wa mwarobaini napata wasiwasi maana hakuna aliyetuambia ni za nini.

Wenzangu wanne wanataka tujiunge kikundi tuombe ule mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri tukapange fremu stendi, ila mmoja wetu hata simu ya kuazima harudishi 😅

Naombeni mnisaidie, ramani ya mipango miji naweza kuiona wapi bila kuzungushwa, na je nianze kwa mtendaji wa mtaa au niende moja kwa moja ofisi ya ardhi? Barua naandikaje? Wametupa wiki mbili tu jamani.