Naomba ushauri: kutafuta nusu kipenyo cha bustani iliyozungukwa na njia

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Namsaidia mdogo wangu wa sekondari swali hili: bustani ya duara imezungukwa na njia yenye upana wa mita 2 kila mahali, na eneo la njia hiyo ni mita za mraba 88. Atafute nusu kipenyo cha bustani, pai ikiwa 22/7. Natambua kwamba eneo la duara dogo hutolewa katika eneo la duara kubwa, ila nusu vipenyo vyote viwili havijulikani, nami sioni pa kuanzia.

Mwalimu wa Hesabu: Ndugu, nusu kipenyo cha nje kiite R, cha ndani r. Kwa kuwa 22/7 × (R² − r²) = 88, basi R² − r² = 28. Hapo tumia tofauti ya miraba miwili: (R − r)(R + r) = 28. Upana ndio R − r, yaani 2, kwa hiyo R + r = 14. Ukijumlisha milinganyo hiyo miwili unapata R = 8, na r = 6. Mwangalie sana asiandike (R − r)² badala ya R² − r², maana wanafunzi wengi huteleza hapo, wakapata eneo la duara lenye nusu kipenyo cha mita 2, ambalo halihusiani kabisa na njia.

Mchangiaji wa pili: Naongezea njia ninayoipenda zaidi, kwa sababu mwanafunzi huiona kwa macho. Eneo la njia ni upana wake mara mzingo wa mstari unaopita katikati yake. Basi 88 ÷ 2 = 44, na duara lenye mzingo wa mita 44 lina nusu kipenyo cha mita 7. Ondoa nusu ya upana, zinabaki 6. Hili si kadirio, ni sahihi kabisa.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Je, upana usingetajwa, eneo peke yake lingetosha?

Mwalimu wa Hesabu: Lisingetosha. Nusu vipenyo vya 14.5 na 13.5 navyo vinatoa 28, ingawa njia yenyewe ingekuwa na upana wa mita 1 tu.

Fundi Ujenzi: Kinyume chake kinawezekana, nacho hutufaa sana pale katikati panapokuwa na tangi na kitovu hakifikiki. Vuta kamba iguse ukingo wa ndani mahali pamoja tu, ncha zake zote mbili ziishie kwenye ukingo wa nje. Kwa kanuni ya Pythagoras, nusu ya urefu wa kamba ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na R² − r². Katika bustani hii kamba ingekuwa na takriban mita 10.58, nusu yake ni 5.29, ambayo kipeo chake cha pili ni karibu 28, na ukizidisha kwa 22/7 unarudi kwenye 88 bila kupima nusu kipenyo hata kimoja.