Mdogo wangu anataka kubatizwa tena: ule ubatizo wa utotoni ulimfanya nini?

Binti_Mbinga
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada kwa wanaoyafahamu haya, sitaki ugomvi wa madhehebu.

Mdogo wangu wa mwisho alibatizwa kigangoni kwetu akiwa mchanga, mimi nimeshika mshumaa. Akapata komunyo, akapata kipaimara. Baadaye akaenda Dar kuendesha bodaboda, pombe ikamshika, hadi hela ya dawa za mama akanywea. Mwaka jana ameokoka kwa Wapentekoste na kweli kabadilika. Mama anatumiwa hela kila mwezi, na siku hizi simu anapiga yeye.

Sasa Jumapili anazamishwa baharini. Kaniambia: "Dada, yale maji ya utotoni hayakunifanya kitu. Ningekuwa nimezaliwa upya nisingeishi vile." Nimefundishwa kwamba ubatizo huondoa dhambi ya asili na kutia alama isiyofutika. Kama ulimbadilisha, mbona hatukuona kitu miaka yote ile?

Ebenezer_TMK
Bwana Yesu asifiwe dada. Mdogo wako yuko sahihi. "Aaminiye na kubatizwa ataokoka", imani kwanza, maji baadaye. Kornelio na watu wake walishukiwa na Roho Mtakatifu ndipo wakabatizwa. Maji ni ushuhuda wa badiliko lililokwisha kutokea moyoni. Soma pia Matendo 8: Simoni mchawi alibatizwa, bado Petro akamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu.

Katekista_Mstaafu
Milele amina. Ndugu Ebenezer, endelea mpaka mstari wa 22. Petro hakumrudisha Simoni majini, alimwambia atubu. Ndivyo Kanisa linavyofanya hadi leo: aliyepotea akirudi anapewa kitubio, habatizwi tena.

Binti, ulevi wa mdogo wako si ushahidi kwamba hakuzaliwa upya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulisema mwaka 1546 kwamba tamaa inabaki ndani ya waliobatizwa ili wapambane nayo, na Katekisimu namba 1264 inarudia hivyo. Neema alipewa, akaipa kisogo. Haya unayoyaona sasa mimi nayahesabu kuwa matunda ya ubatizo ule ule.

Muhaya_wa_Kanyigo
Mimi ni Mlutheri, na jambo hili kwetu Kagera si geni. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipitia Uganda ukatufikia. Walioguswa wengi walikuwa Waanglikana na Walutheri waliokwisha kubatizwa. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameuza mbuzi wa jirani kwa siri. Alipookoka alichukua fedha, akaenda kwa mwenye mbuzi mchana kweupe, mbele ya wanawe, akasema: nilikuibia. Aliimba Tukutendereza, ule wimbo wa uamsho, mpaka kufa na hakubatizwa mara ya pili. Siku ya kuokoka kwake aliikumbuka, na cheti cha ubatizo alikitunza ndani ya Biblia. Kwake hayo mawili hayakugombana hata siku moja.

Luther aliandika katika Katekisimu Ndogo (1529) kwamba ubatizo wa maji maana yake ni Adamu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba. Hapo namwunga mkono Katekista. Ninapoachana naye ni kwenye ile tamaa: sisi tunaiita dhambi hasa, kwa hiyo mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja. Wakatoliki wanasema si dhambi mpaka mtu aikubali. Tamko la pamoja la Walutheri na Wakatoliki kuhusu kuhesabiwa haki, lililotiwa sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, lilitusogeza karibu sana, lakini hilo tunalieleza tofauti hadi leo.

Na usidhani Waprotestanti ni kitu kimoja, dada. Januari 1527, mjini Zurich, Felix Manz alitoswa mtoni Limmat hadi akafa kwa sababu ya kubatiza upya watu wazima. Waliomhukumu walikuwa Waprotestanti wenzake wa matengenezo ya Kanisa, si Wakatoliki. Inaniuma kila nikikumbuka.

Binti_Mbinga
Asanteni sana. Jana usiku nilimpigia nikamsomea Matendo 8 hadi mstari wa 22. Alinyamaza, kisha akasema atamuuliza mchungaji wake kwa nini Petro hakumbatiza Simoni upya. Kaka Ebenezer, nawe naomba unijibu hilo kabla ya Jumapili.